Somo la Robo Hii: Mfuko wa Dawa wa Hujaji



Utangulizi

Kila mwaka inapokaribia tarehe 3 Juni, parokia nyingi za Tanzania na Kenya huandaa safari ya hija kwenda Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala. Wengi wa Mashahidi wa Uganda walichomwa moto hapo tarehe 3 Juni 1886, na mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu. Wengine husafiri kwa basi, na wengine hutembea kwa miguu siku nyingi. Kamati hupanga nauli, sare, chakula, malazi na hati za kusafiria. Lakini mara nyingi agenda hufungwa bila mtu yeyote kuuliza: wenye maradhi ya kudumu watasafiri vipi na dawa zao?

Ndani ya basi la mahujaji wamo wenye kisukari, shinikizo la damu, pumu, kifafa, selimundu na wanaoishi na VVU. Wengi hawasemi. Wapo wanaoacha dawa nyumbani kwa kuona aibu, wanaobeba chache kuliko siku za safari, na wanaokaa nyumbani kabisa kwa sababu hawaoni namna ya kusafiri. Somo hili linawahusu hao wote, na linafaa pia kwa safari za mazishi, semina, makongamano na likizo za Krismasi.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili, kamati iweze:

1. Kumsaidia msafiri kuhesabu na kufungasha dawa zake.
2. Kueleza kwa nini virutubisho navyo vinahitaji utaratibu.
3. Kupanga safari ambayo mgonjwa hatalazimika kuchagua kati ya afya yake na siri yake.

Neno la Mungu

Someni pamoja Luka 10:25-37. Tumezoea kuutazama moyo wa huruma wa Msamaria. Leo tutazame mzigo wake. Alipomkuta majeruhi njiani alikuwa na mafuta na divai, vitu vilivyotumika kutibu vidonda wakati ule. Huruma yake ilipata cha kufanyia kazi kwa sababu alisafiri akiwa navyo. Zaidi ya hayo, alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha za matunzo, maana safari yake ilikuwa bado inaendelea.

Someni pia 2 Timotheo 4:9-21. Mtume Paulo anaomba aletewe joho aliloliacha Troa, kwani majira ya baridi yalikuwa yanakaribia. Katika sura hiyo hiyo anataja kwamba Trofimo alibaki Mileto akiwa mgonjwa, na kwamba Luka yuko pamoja naye. Luka huyo ndiye anayeitwa tabibu katika Wakolosai 4:14. Mitume nao walikuwa na vitu vilivyobaki nyuma, wagonjwa njiani na mtu wa tiba katika msafara. Basi, kupanga habari za dawa si upungufu wa imani.

Sehemu ya 1: Kuhesabu dawa

Kanuni ni hii: siku za safari, jumlisha siku za akiba, zidisha kwa idadi ya vidonge kwa siku. Kwa mfano, safari ya Namugongo ni ya siku 10, na akiba ni ya siku 7. Msafiri anayemeza vidonge 2 kwa siku atabeba 17 × 2, yaani vidonge 34. Akiba ni kwa ajili ya gari kuharibika, barabara kufungwa na mvua, au kuchelewa mpakani.

Msafiri atazame pia tarehe ya kurudi kliniki. Ikiwa inaangukia ndani ya safari, aende kliniki wiki 2 au 3 mapema aeleze. Kliniki nyingi huweza kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi kadhaa, lakini lazima ajulikane kuwa anasafiri. Tusitegemee kwamba dawa ile ile itapatikana popote njiani. Mwaka 2025, kusimamishwa kwa sehemu ya misaada ya Marekani kulitikisa huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika, na ni fundisho kwamba akiba ya mgonjwa ni ulinzi wake.

Dawa zisiwekwe kwenye buti la basi. Kule kuna joto, na mizigo hupotea. Zikae kwenye mkoba ambao msafiri hatengani nao. Akiba inaweza kukaa kwenye mfuko wa pili, kwa ndugu au rafiki anayemwamini.

Sehemu ya 2: Chupa, lebo na saa

Dawa zibaki katika chupa au pakiti zake. Baadhi ya ndugu zetu hufunga vidonge vya ARV kwenye karatasi au leso ili chupa isilie kama kayamba na majirani wasishtuke. Tunaelewa sababu. Lakini dawa iliyotolewa kwenye chupa hupata unyevu, hupoteza tarehe ya mwisho wa matumizi, na mpakani huonekana kama vidonge visivyo na jina. Njia nzuri ni kuacha vidonge ndani ya chupa yake na kujaza nafasi iliyobaki kwa pamba safi na kavu. Chupa haitalia tena. Kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo kisitupwe, wala kisimezwe.

Lebo ziandikwe zikaeleweka. "1×2" maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, wala si vidonge viwili kwa mara moja. Mwombeni mfamasia aandike kwa maneno: "kidonge 1 saa 2 asubuhi na kidonge 1 saa 2 usiku."

Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa moja, kwa hiyo hujaji wa Namugongo habadilishi kitu. Lakini anayekwenda Kibeho, Rwanda, atakuta saa za huko ziko nyuma kwa saa moja. Anayemeza dawa saa 3 usiku Bukoba atameza saa 2 usiku akiwa Kibeho, na muda utakuwa ule ule. Simu nyingi hubadilisha saa zenyewe zikivuka mpaka, kwa hiyo kengele ya simu ikaguliwe upya.

Sehemu ya 3: Mambo ya kukumbuka kwa kila ugonjwa

*Kisukari.* Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa kwa kawaida huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki 4 mahali pasipo na joto kali, lakini karatasi ya dawa husika isomwe, kwa kuwa aina hutofautiana. Insulini iliyoganda kwa barafu haifai tena hata ikiyeyuka. Kwa hiyo isigusane na barafu, na kwenye ndege isiwekwe kwenye mizigo ya chini. Safarini, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki mkavu, kisha izungushiwe kitambaa chenye unyevu na kuwekwa mahali penye hewa. Kituoni, chungu cha udongo chenye unyevu hufanya kazi hiyo vizuri.

Jambo la hatari zaidi njiani ni sukari kushuka. Mtu akidunga insulini, au akimeza baadhi ya vidonge vya kisukari, kisha chakula kikachelewa kwa sababu basi limeharibika, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa na hata kuzimia. Ikiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida yenye sukari. Baada ya dakika 15 apimwe au aangaliwe tena. Akiwa bado, arudie. Akishapata nafuu, ale chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali haraka. Viongozi wa msafara wasiseme "tutakula mbele ya safari" bila kujua mbele ni saa ngapi.

*Shinikizo la damu na moyo.* Wapo wanaoacha vidonge vya kukojoza siku ya safari kwa sababu basi halisimami. Tumesikia habari hii mara nyingi, hasa kwa akina mama. Dawa isiachwe. Mgonjwa amuulize mganga wake mapema kama anaweza kubadilisha saa ya kuimeza siku hiyo, na kamati ihakikishe basi linasimama mahali penye choo kila baada ya saa chache. Tusimtwike mgonjwa tatizo ambalo dereva anaweza kulimaliza.

*Selimundu.* Mgonjwa anahitaji maji mengi, kujikinga na baridi, na kutochoka kupita kiasi. Akijinyima maji ili asiombe basi lisimame, anaweza kuamsha maumivu makali. Abebe hidroksiyurea na foliki asidi kama ameandikiwa, pamoja na dawa za maumivu alizoelekezwa. Homa kwa mwenye selimundu ni sababu ya kwenda hospitali siku ile ile.

*Kifafa.* Dawa za kifafa zisikatishwe hata siku moja, maana kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Kukosa usingizi nako huchochea kifafa, na hija zetu zina mikesha. Kamati impangie mwenye kifafa mahali pa kulala mapema. Sala yake haitapungua thamani kwa sababu alilala. Degedege likimpata, alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumuumiza, asiwekewe kitu mdomoni. Likipita dakika 5, apelekwe hospitali.

*Pumu.* Vumbi la njiani, moshi wa jikoni na moshi wa ubani wakati wa ibada vinaweza kumbana mgonjwa. Dawa ya kuvuta ya salbutamoli iwe mfukoni mwake na si kwenye begi la hema. Kopo lisiachwe juani wala kwenye gari lililofungwa vioo.

*VVU na kifua kikuu.* Dozi ya ARV ikisahauliwa, imezwe mara mtu anapokumbuka. Kwa wanaotumia dolutegraviri mara moja kwa siku, ikiwa zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata, wasubiri dozi hiyo. Zisimezwe mbili kwa pamoja. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini mara nyingi huongezewa dozi ya pili ya dolutegraviri kila siku, baada ya saa 12, kwa sababu rifampisini huipunguza nguvu. Huyo ahesabu mara mbili anapofungasha. Kadi ya kliniki isafiri naye, kwa sababu ndiyo itakayomsaidia kupata dawa za dharura kwenye kituo kingine.

Jambo moja kwa wote: tusiazimane dawa. Watu wawili wenye shinikizo la damu wanaweza kuwa wanatumia dawa tofauti kabisa.

Sehemu ya 4: Virutubisho si pipi

Wasafiri wengi hubeba vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu, zinki na vitamini mchanganyiko. Wahisani wanaotutembelea nao huja na makopo ya vitamini na kuyagawa kwa upendo baada ya misa. Hapa tunaomba wote watusikilize.

Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa zenye dolutegraviri kuwa chaguo la kwanza kwa wanaoanza matibabu ya VVU, na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaitumia ndani ya kidonge cha TLD. Madini ya chuma, kalsiamu, zinki, magnesiamu na aluminiamu huishika dawa hii tumboni na kuzuia isiingie vizuri mwilini. Mgonjwa anayemeza kidonge chake pamoja na kidonge cha damu, tumbo likiwa tupu, anaweza kudhani amepata dozi kamili wakati sehemu yake kubwa imepotea.

Kanuni ni rahisi: dolutegraviri imezwe muda wa saa 2 kabla ya virutubisho hivyo, au saa 6 baada yake. Vidonge vya chuma au kalsiamu vinaweza kumezwa pamoja na dolutegraviri iwapo vyote vinamezwa na chakula. Lakini dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, ambazo wasafiri hupenda kuzitafuna baada ya chakula cha njiani, lazima zitenganishwe kwa saa zile zile, hata kama mtu amekula. Kwa wengi njia nyepesi ni hii: ARV usiku wakati wa kulala, virutubisho asubuhi na kifungua kinywa.

Dawa za miti shamba, unga wa mlonge na vinywaji vya "kusafisha damu" vitajwe kwa mganga kabla ya safari, bila kuogopa kukaripiwa. Balungi nalo huongeza nguvu ya baadhi ya dawa za shinikizo la damu, mfano nifedipini, hadi shinikizo likashuka kupita kiasi. Na hakuna kirutubisho kinachochukua nafasi ya dawa. Mgonjwa akikosa nafasi kwenye mkoba, apunguze vitamini, si dawa.

Sehemu ya 5: Mpakani

Mutukula, Busia, Malaba na mipaka mingine ina taratibu zake. Kila mwenye dawa nyingi abebe barua fupi ya mganga yenye jina lake kama lilivyo kwenye hati ya kusafiria, majina ya dawa na kiasi chake kwa siku. Barua haina haja ya kutangaza ugonjwa kwa herufi kubwa. Dawa kama fenobabitoni, diazepamu, tramadoli na mofini husimamiwa kwa sheria kali katika nchi nyingi, kwa hiyo mwenye nazo aulize masharti mapema na asibebe zaidi ya mahitaji yake. Mwenye sindano za insulini abebe pia chupa ngumu ya plastiki ya kuweka zilizotumika.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huhitajika kuingia Uganda. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 hutambulika kwa maisha yote. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haiwafai baadhi ya watu ambao kinga yao imeshuka sana. Hao wamwone mganga miezi miwili kabla, si wiki ya mwisho.

Sehemu ya 6: Siri ya mgonjwa

Kamati nyingine kwa nia njema hupitisha karatasi kwenye jumuiya ndogo ndogo: "Andika jina, ugonjwa na dawa zako." Tunashauri jambo hili lisifanyike. Karatasi hiyo itasomwa na watu 20 kabla haijafika kwa katibu, na wenye siri nzito watajiandika kuwa wazima.

Njia bora ni tatu. Kwanza, maelekezo ya kufungasha dawa yatolewe kwa mahujaji wote kwa pamoja, wagonjwa na wazima, ili asiwepo anayenyooshewa kidole. Pili, ateuliwe muuguzi au mhudumu wa afya mmoja katika msafara, na atangaze kwamba anayetaka kuzungumza naye anakaribishwa faraghani. Tatu, kila hujaji abebe bahasha yake iliyofungwa, yenye jina lake, ndugu wa kupigiwa simu, dawa anazotumia na zinazomdhuru. Bahasha ifunguliwe tu akizidiwa asiweze kujieleza, na irudi naye nyumbani.

Wajibu wa kamati na wahisani

Kamati ipange yafuatayo:

1. Wiki 6 kabla: somo hili lifundishwe. Mahujaji wakague tarehe zao za kliniki.
2. Wiki 3 kabla: dawa za safari na akiba ziwe zimechukuliwa, na barua ziwe tayari.
3. Siku moja kabla: kila mmoja ahesabu vidonge vyake mwenyewe nyumbani kwake.
4. Njiani: vituo vya choo, maji safi, chakula kwa wakati, na sukari ndani ya sanduku la huduma ya kwanza.

Kwa wahisani wetu tunasema asante, na tunaomba msaada wenu uelekezwe panapofaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unakataza kutoa dawa zilizokwisha kutolewa kwa wagonjwa wengine na kurudishwa, na unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kwisha muda wake. Makopo yaliyobaki kabatini, hata ya vitamini, tafadhali yasifungwe kwenye mabegi. Nauli ya muuguzi mmoja, kipimo cha sukari na vijiti vyake, au gharama ya basi kusimama mara mbili zaidi, vitalinda watu wengi zaidi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika safari yetu ya mwisho, nani alibaki nyumbani kwa sababu ya ugonjwa? Je, tungeweza kufanya nini?
2. Ratiba yetu ya chakula na mikesha inamfaa mwenye kisukari na mwenye kifafa?
3. Katika parokia yetu, mtu anaweza kumeza dawa mbele ya wenzake bila kusemwa? Kama hawezi, nani ana wajibu wa kubadilisha hali hiyo?
4. Msamaria alilipia matunzo ya majeruhi hata baada ya yeye kuondoka. Sisi tunamfuatiliaje hujaji aliyeugua baada ya kurudi?

Hitimisho

Mwenye maradhi ya kudumu ni hujaji kamili. Haombi kubebwa, anaomba basi lisimame, chakula kije kwa wakati, na chupa yake isiulizwe maswali. Tukianza kupanga wiki 6 kabla, hayo yote yanawezekana bila gharama kubwa. Kamati zitakazolitumia somo hili kabla ya Juni zituandikie, zitueleze lipi lilifanikiwa na lipi liongezwe, ili tuwashirikishe wengine.

Mungu awabariki, na Mashahidi wa Uganda watuombee.